Nakala ya Iringa

Kila alfajiri, kabla Gwakisa hajafumbua macho, kompyuta ya nyumba ilimrudishia mke wake.

Sekela alikuwa akilala kimya pembeni yake, akisikiliza. Ukutani, nyuma ya kabati la vyombo, mtambo ulianza kunguruma taratibu kama paka, na kipandikizi kilichokuwa nyuma ya sikio la Gwakisa kikawaka kijani. Kope zake zilicheza. Baada ya muda alivuta pumzi ndefu, akageuka, akasema, "Sekela, umelalaje?" Hapo ndipo Sekela naye alipopumua.

Bila kumiminiwa huko, asingemjua. Homa ya ubongo ilimpata Gwakisa kabla hawajafahamiana. Ilimwachia akili yake, ucheshi wake na kazi yake ya kupima ardhi, ila ikamnyang'anya uwezo wa kutunza siku mpya. Alichokiishi mchana kilifutika akilala. Madaktari wakampandikizia kile kifaa: mchana kinakusanya anayoyaishi na kuyapeleka kwenye mtambo, na alfajiri mtambo unammiminia upya kila kitu tangu siku alipougua. Kichwa chake chenyewe kiliishia kwenye siku ile ya homa. Na siku ile alikuwa mume wa mtu mwingine.

Mtu huyo aliitwa Leokadia. Waliachana baadaye, bila kelele, naye akarudi kwao Iringa. Lakini kuachana huko kulikuwa ndani ya mtambo. Kichwani mwa Gwakisa, chini ya vyote alivyomiminiwa, Leokadia alikuwa bado mkewe. Sekela aliolewa akilijua hilo, akidhani atalizoea. Hakulizoea. Kazi yake ilikuwa kuonja chai kiwandani, na ulimi wake ulitambua jani moja lililokaa na unyevu ndani ya pakacha zima. Nyumbani alimwonja Leokadia hivyohivyo: katika namna Gwakisa alivyokunja blanketi, katika limau alilokamulia kwenye mboga, katika wimbo aliouimba akinyoa ndevu na ambao Sekela hakumfundisha.

"Yule yuko kwenye damu," alimwambia dada yake siku moja. "Mimi niko kwenye diski."

*

"Mna nakala ngapi?" aliuliza fundi Tusajigwe.

Alikuwa ametumwa na kliniki kuukagua mtambo, na sasa ulikuwa wazi mbele yake sebuleni kama kuku aliyepasuliwa.

"Nakala za nini?" Sekela aliuliza.

"Za mumeo, dada."

Gwakisa, aliyekuwa akimenya ndizi za mchana, alicheka. Fundi hakucheka. Akawaeleza kwamba diski ile imezeeka; inaweza kudumu, na inaweza kufa kesho. Kanuni yake, alisema, ni ya tangu enzi za mababu, kompyuta za nyumbani zilipokuwa za picha na barua tu: kitu unachoogopa kukipoteza kiwe na nakala tatu, zisiwe za namna moja, na moja ikae mbali, ambako moto wako au radi yako haifiki.

"Na Tukuyu hii kwa radi," alisema Gwakisa.

"Ndiyo maana nasema. Diski ya pembeni ni nzuri, ila isikae chumba kimoja na mtambo wala isiunganishwe muda wote. Halafu mara mojamoja mjaribu kuirudisha. Nakala usiyoijaribu ni imani tu. Ghala la mtandaoni nalo lipo."

"Ghala sitaki," Sekela alidakia. "Yule bwana wa kwenye habari, aliyeamka akikumbuka harusi ya mtu mwingine, si nakala yake ilikuwa ghalani?"

"Ilikuwa ghalani, ndiyo."

"Mkewe akawa anaitwa jina la bibi harusi asiyemjua. Hapana. Mambo ya chumbani kwangu hayalali na wageni."

"Basi mtafuteni mtu mnayemwamini, wa mbali, mwenye mtambo wa aina hii hii. Aina nyingine haitaweza kumsoma. Sisi kliniki tunayo michache, lakini hatuwezi kuitoa kwa kazi ya akiba."

Gwakisa alikitua kisu. "Iringa," alisema. "Leokadia anao pacha wa huu. Nilipougua tulipewa miwili."

"Basi shida imekwisha," fundi alisema kwa furaha.

Sekela aliingia jikoni akafunga mlango.

Fundi alipoondoka, Gwakisa alimfuata mkewe. Sekela alikuwa akisugua sufuria iliyokwisha kung'aa.

"Kila neno tulilosema humu ndani," alisema bila kugeuka. "Kila tulipogombana tukapatana. Likakae kwa mwanamke uliyelala naye?"

"Itakuwa imefungwa kwa neno la siri."

"Hilo neno atakuwa nalo nani?"

"Yeye. Tukipata ajali mimi na wewe, nani mwingine atafungua?"

"Kumbe."

"Sekela, kitakachokuwa kule si mimi na yeye. Mimi na yeye tumo humu." Akajigusa paji la uso. "Kule tutakuwa mimi na wewe. Ni wewe ninayetafuta pa kukuficha, usinipotee."

Hoja ilikuwa nzuri, na uzuri wake ndio uliomchoma. Ili mumewe asimsahau, ilimpasa amkabidhi kwa mwanamke ambaye mumewe hawezi kumsahau. Aliitikia kwa kichwa, akakubali.

*

Tangu hapo kila jioni, wakiwa mezani, mtambo ulitamka kwa adabu: "Nakala imefika Iringa." Sekela alisikia: mumeo amefika Iringa.

Akashika mimba. Walipatana wasimwambie mtu mpaka kwanza asikie mama yake Sekela. Siku hizohizo, asubuhi moja, umeme ulikatika, na betri ya akiba ikagoma, na Gwakisa akaamka kabla hajamiminiwa.

"Leo," aliita akiwa bado amefumba macho, kwa sauti laini ambayo Sekela hakuwahi kuitiwa nayo.

"Leo Jumamosi," Sekela alijibu, akihangaika na swichi.

Gwakisa alifumbua macho. Alimtazama kama mgeni wa hoteli anavyomtazama mhudumu aliyekosea chumba. "Samahani, dada. Namuulizia Leo. Mke wangu. Ametoka?"

Umeme uliporudi ilibidi anywe dawa ya usingizi, alale tena ndipo amiminiwe. Aliamka akiomba radhi, akambusu tumbo lililokuwa limeanza kuonekana. Sekela alitabasamu. Mchana, simu yake ikalia kwa ujumbe kutoka Iringa: *Hongera, mdogo wangu. Mungu amlinde mtoto.*

Mama yake Sekela alikuwa hajaambiwa.

Amefungua, Sekela alijiambia. Ameingia chumbani kwangu akaketi kitandani. Gwakisa alikuwa bondeni akipima mpaka wa jirani. Sekela alikaa mbele ya mtambo, akafuta njia ya Iringa. Kesho yake alinunua diski ya pembeni, nzuri, ya bei ya kuumiza, akaiweka ndani ya kabati la vyombo kwa kuwa ndipo waya ulipofika. Aliufundisha mtambo useme tu, "Nakala imekamilika." Gwakisa aliisikia jioni, akaendelea kula. Alikuwa mtu wa kuamini.

Leokadia aliandika: *Naona hakuna kinachoingia. Kuna tatizo?*

*Tunashughulikia,* Sekela alijibu.

Aliuliza mara moja nyingine tu. Kisha akanyamaza.

Mtoto akazaliwa, wa kike, wakamwita Bupe. Gwakisa alimbeba mgongoni kwenye kupima mashamba, akamwachia ashike kamba. Kila jioni mtambo ulisema nakala imekamilika, na Sekela akajisadikisha kwamba hakufanya vibaya. Diski si ilikuwepo? Hakuijaribu hata siku moja. Miaka hiyo ilikuwa ya raha, na mtu mwenye raha haendi kugonga ukuta wa nyumba kuona kama utaanguka.

*

Radi iliwapiga alasiri, mvua ikiwa bado haijaanza. Nyumba nzima iliwaka nyeupe, kukatokea kishindo kama mlango wa chuma uliobamizwa, kisha harufu ya kitu kilichoungua. Bupe, aliyekuwa chini ya meza, alilia.

Sekela alikimbilia kwenye kabati. Sahani zilikuwa zimepasuka. Nyuma yake mtambo ulikuwa mweusi, na ule waya ulikuwa umebeba moto ule mpaka kwenye diski ya pembeni, ambayo sasa ilikuwa imejikunja kama jani lililokauka.

Gwakisa alikuja akiwa amembeba mtoto. Aliangalia, akawapapasa wote wawili mabegani na vichwani. "Mko wazima? Basi. Vingine viko Iringa."

Sekela alifungua kinywa. Yule mwanaume alikuwa ametulia mno. Alikuwa akitabasamu, kwa kumtuliza yeye.

"Ndiyo," alisema.

Lilikuwa neno moja tu, na baada ya hilo hakupata tena mahali pa kuanzia. Jioni Gwakisa alipanga mambo kama mtu anayesafiri: Leokadia apigiwe simu, aje na pacha, yeye mwenyewe akiamka atakuwa haeleweki, wamvumilie, keshokutwa yote yatakuwa yamekwisha. Alimwambia Bupe, "Kesho baba atakuwa mjinga kidogo," na mtoto akacheka sana. Alipolala, Sekela alimtazama usoni akijua kwamba yule aliyemlea Bupe hataamka tena, na kwamba aliyemmaliza si radi.

Akatoka barazani akapiga simu.

"Dada Leokadia. Ni mimi, Sekela."

"Najua. Mtambo umekufa?"

"Umeungua."

"Nilichonacho mimi ni cha zamani, Sekela."

"Najua."

Leokadia hakuuliza zaidi. "Nitapanda basi la kwanza," alisema.

*

Aliyeamka asubuhi alikuwa na adabu zote za Gwakisa. Alimsikiliza Sekela akieleza homa, kipandikizi, ndoa, radi. Aligusa nyuma ya sikio lake, akakikuta kifaa. Bupe alipomrukia akiita "Baba!" alirudi nyuma hatua moja, kisha akamshika kichwa taratibu, kama unavyomshika mtoto wa jirani.

Leokadia alifika jua likiwa juu, mwanamke mrefu mwenye mvi za mbele, amebeba kikapu kizito kilichofunikwa kwa kanga. Gwakisa alimwona dirishani. Alitoka mbio bila viatu.

Sekela alibaki barazani, mikono imelowa maji ya kufulia. Aliona kila kitu. Aliona Gwakisa akiushika uso ule kwa mikono miwili, akamsikia akisema, "Umezeeka, Leo," na yule akijibu, "Nimezeeka," na wote wawili wakicheka na kulia kwa pamoja. Yeye alikuwa amepewa miaka ya asubuhi njema, lakini kila moja ilipita kwanza kwenye waya. Furaha hii haikupita popote. Wivu ulimpanda mpaka akaonja chuma ulimini.

Wakakaa sebuleni. Leokadia aliutoa pacha kikapuni, akauweka mezani. Gwakisa hakumwachia mkono.

"Kwa hiyo nilale," alisema, "mnimiminie, niamke nikiwa mume wa huyu dada."

"Ndivyo," alisema Leokadia.

"Na huyu anayesema nanyi sasa, asiyetaka? Ataenda wapi?"

Sheria ilikuwa wazi: aliyeamka bila kumiminiwa asimiminiwe tena mpaka akubali akiwa macho. Lakini dawa ya usingizi ilikuwa kabatini, na Sekela alijua namna ya kuitia kwenye chai isitambulike. Kesho angeamka anamjua, anampenda, wala asingekumbuka kwamba alikataa. Nani angelalamika? Sekela alinyanyuka kwenda jikoni kuchemsha maji, akasimama mbele ya birika. Leokadia alimfuata.

"Uliifungua?" Sekela aliuliza. "Niambie ukweli. Mimba uliijuaje?"

"Alinipigia mwenyewe. Furaha ilimshinda." Leokadia aliegemea mlango. "Sikuifungua. Nilitaka. Nilikuwa nakaa mbele yake jioni, neno la siri linaniwasha vidoleni. Wivu si wako peke yako, mdogo wangu."

"Wewe umwonee nani wivu? Umemwona alivyokukimbilia?"

"Nimemwona. Njia nzima kuanzia Makambako nimekuwa nikiwaza: nikiurudisha huu mtambo Iringa pamoja na yeye, kila asubuhi ataamka ananipenda hivi, mpaka nife." Alitabasamu bila furaha. "Unajua kwa nini niliondoka? Alikuwa ameacha kunipenda. Taratibu, mchana kwa mchana, bila kosa la mtu. Alfajiri nilikuwa namwona anatabasamu usingizini, mkono wake unanitafuta. Kisha mtambo unanguruma, anakumbushwa kwamba ameacha, na mkono unarudi. Kila siku, Sekela. Wewe kila alfajiri ulikuwa unapewa mume. Mimi nilikuwa nanyang'anywa."

Maji yalikuwa yakichemka. Hakuna aliyeyatoa motoni.

"Mbona hukumwambia nilipokata njia?"

"Ningeonekana namtaka. Na ningekuwa namtaka kweli." Alichana kipande cha karatasi ya majani ya chai, akaandika neno, akamwekea Sekela kiganjani. "Hilo ndilo la kufungulia. Utakachotia kwenye chai sitakuuliza. Ila mimi naenda kumwambia nilivyomwacha, maana hilo hakuna mwingine wa kumwambia."

Alirudi sebuleni. Sekela alisikia sauti yake, ya chini, bila kusita, kisha akasikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia nyumbani kwake: Gwakisa akilia kama aliyefiwa. Angeweza kufurahi. Alikuwa amelitaka jambo hilo kwa miaka. Alisimama akilisikiliza, akaona halina ladha yoyote. Akamimina chai vikombe vitatu, bila dawa, akaipeleka.

Leokadia alikuwa ametoka nje. Gwakisa alipokea kikombe kwa mikono miwili.

"Kuna jambo langu," Sekela alisema, akakaa chini mbele yake. "Nakala iliyomo humo ni ya zamani kwa sababu yangu. Wewe uliichagua Iringa, nami nilikubali, halafu nikaikata kwa siri kwa wivu. Jana radi ilipopiga ulidhani uko salama, nikakuacha udhani hivyo. Mume niliyekuwa naye amekwenda. Ukikubali, atakayerudi hatamjua hata huyu mtoto."

"Mbona unaniambia? Nisingejua kamwe."

"Ndiyo maana."

Nje, Bupe alikuwa akimwonyesha Leokadia kuku mmoja mmoja kwa jina.

"Nikikataa," alisema Gwakisa polepole, "kila asubuhi nitaamka namtafuta yule, na kila asubuhi nitaambiwa hivi?"

"Akiwepo atakuambia yeye. Asipokuwepo, mimi."

"Utaweza?"

"Sijui. Nitajaribu."

Alikunywa chai yote, akaweka kikombe chini. "Nilikuwa na raha hapa?"

Sekela alitaka kusema ndiyo. "Siku nyingi," alisema. "Si zote."

"Anayedanganya angesema zote," alisema Gwakisa. Akajifuta uso. "Nimekubali. Ila nipe kwanza jioni hii na Leo. Tukae hapo uani, mbele ya macho yako ukitaka. Nimuage vizuri."

Sekela aliwapa. Hakuna jambo gumu kama hilo alilowahi kulifanya. Alipika, akaosha vyombo ambavyo havikupasuka, akalaza mtoto, na muda wote alisikia wanavyoongea uani, kicheko kimoja, kimya, tena maneno. Hakwenda dirishani.

Kabla giza halijaingia sawasawa Leokadia aliaga aende kulala nyumba ya wageni, ili asionekane asubuhi. Sekela alimsindikiza mpaka barabarani.

"Fundi ameahidi mtambo mwingine kutoka kliniki," alisema. "Huo ukifika, uchukue pacha wako. Njia ya Iringa nitaifungua."

"Na neno la siri? Utalibadilisha?"

"Baki nalo," alisema.

Leokadia alimshika bega, akaondoka.

*

Pacha alinguruma kwa sauti nzito kidogo kuliko ndugu yake aliyeungua. Kijani kikawaka. Sekela alikaa ukingoni mwa kitanda, ameshavaa, mikono mapajani.

Gwakisa alifumbua macho. Alimtambua, hilo lilionekana mara moja, na Sekela akaficha uso. Kisha aliona mkono wa mumewe ukinyooka, kwa mazoea ya zamani, kuelekea tumboni kwake. Mkono ukafika. Ukasimama. Gwakisa aliruka akakaa.

"Sekela! Mtoto! Mtoto yuko wapi?"

"Yuko mlangoni," alisema Sekela. "Anaogopa kuingia."

Aligeuka. Mtoto alikuwa amesimama kizingitini na gauni la kulalia, kidole mdomoni, akimpima kwa macho. Gwakisa alimtazama miguu, mikono, uso, akarudia tena kuanzia miguuni.

"Unaitwa nani, mama?"

"Bupe."

"Bupe," alirudia. Akamgeukia mkewe, macho yamejaa maji. "Jina hilo nilikuwa nimelificha. Nilitaka nikuambie siku ya kujifungua."

"Uliniambia siku hiyo," alisema Sekela. "Nami sitakuficha hata lile baya." Alimwita mtoto, akampakata, akasogea karibu na mumewe. "Sogea hapa. Nitaanzia na nilichokufanyia, kisha nitakusimulia alivyozaliwa."